Miezi Sita ya Zainabu

Mmeniomba, ninyi mnaobaki kliniki, niandike niliyoyaona kazini kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Kumbukumbu yangu ni nzuri kuliko madaftari yenu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Vyeo sitaviandika. Waliokuwapo wanavijua, na wasiokuwapo watauona uso wangu katika picha zilizotundikwa ukumbini, kila mara nikiwa nimesimama katikati. Nitaandika juu ya miaka ya hamsini, nilipokuwa mkunga wa kliniki ya bandarini hapa Tanga, na kazi yangu ilikuwa kuwatayarisha wanawake wajawazito waliotaka kusafiri kwa meli kwenda ng'ambo, wafike salama na wafike na raha yao. Wengi walifika. Hao hawanisumbui.

Kwanza mjue anayewaandikia. Baba yangu alikuwa Mbondei mkata mkonge katika shamba moja la njia ya Muheza, mikono imejaa makovu ya miiba. Nilisoma shule ya misheni mpaka madarasa yakaisha, kisha nikawa yaya katika nyumba ya Wazungu Raskazone. Walipokwenda kwao likizo ndefu walinichukua niwalee watoto wao. Watoto walipopelekwa shule ya bweni nikaambiwa kazi imekwisha, tiketi ya kurudi iko tayari. Sikurudi. Niliingia hospitali nikasugua sakafu, nikaomba kusoma, nikakataliwa, nikaomba tena. Nilikwenda Uingereza yaya, nikarudi mkunga mwenye diploma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala chifu aliyeniandikia barua. Nayasema haya kwa majivuno kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila majivuno hayo hamtaelewa yaliyofuata.

Siku ya kwanza kazini nilipokewa na Mzee Hoza, dresa wa bandari, Mshambaa mfupi mwenye koti jeupe lililofika magotini. Alikuwa amefunga vidonda vya makuli kwa miaka mingi kuliko umri wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuja na diploma?"

"Ndiye mimi."

"Imeandikwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Basi iweke fremu, uitundike juu. Watu wetu hawasomi Kiingereza, lakini kioo wanakiheshimu."

Niliitundika siku hiyo hiyo. Haikupita wiki mbili, mji mzima ukawa unaniita Bi Kioo. Nilijifanya sikupendezwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wakala wa meli hakumpandisha mwanamke mwenye tumbo linaloonekana mpaka alete barua yetu, na sisi hatukutoa barua kwa aliyefikisha miezi minane. Mtauliza, wanawake wazito walikuwa wanatafuta nini baharini? Walikuwa wanakwenda kwa mama zao. Uzazi wa kwanza ni wa kwa mama, mnajua wenyewe, na Tanga ilikuwa imejaa wake walioolewa kutoka Pemba, Unguja, Lamu na Ngazija, na Wahindi ambao mama zao walikuwa Bombei. Mtu alikaa kwa mumewe kimya mpaka tumbo lishike, kisha akasema, "Nataka kwetu." Hapo hapakuwa na mjadala. Mume aliyekataa alikuwa akitajwa vibaya msikitini na sokoni.

Raha ya msafiri mzito niliijua kuliko mtu yeyote katika pwani hii, na sioni haya kusema hivyo. Katika meli iliyonirudisha kutoka Uingereza nilimwuguza mke wa fundi cherehani Mgoa majuma matatu mazima, na humo nilijifunza mambo ambayo darasani hayakutajwa. Akae katikati ya meli, ambako haichezi sana, mbali na harufu ya mashine na ya mbata. Alalie ubavu wa kushoto. Ale kidogo kidogo, mkate wa mofa mkavu kabla hajainuka asubuhi, na kipande cha tangawizi mbichi shavuni. Anywe maji hata kama hana kiu, na aende chooni kila anapotaka bila kumwonea haya mtu. Asijifunge chochote tumboni. Abebe mto wake wa nyumbani, maana harufu ya mto wako hutuliza moyo kuliko dawa. Na kwa kuwa meli za Tanga zilitia nanga mbali, watu wakapelekwa kwa boti, kisha wakapanda ngazi iliyoning'inia ubavuni mwa meli, niliwapitisha kila mmoja kwenye ngazi za kliniki mara tatu, mkono mmoja kwenye kamba, mkono mmoja kwa mtu wa nyuma. Mzee Hoza alikuwa akisimama chini na kupiga kelele kama nahodha. Wanawake walicheka mpaka wakaketi. Hizo ndizo siku ninazozikumbuka kwa wema, na si nyingi.

Taabu yetu ilikuwa hesabu. Mwanamke wa pwani hasemi miezi yake mbele ya mgeni. Anaogopa kijicho. Akiwa na saba atasema tano, na mama mkwe aliyekaa pembeni ataitikia, "Tano, ndiyo, tano," na macho makavu. Si uongo kwao. Ni kumfunika mtoto. Lakini mimi nilikuwa na barua za kutia saini na meli zisizo na daktari. Mzee Hoza alinipa njia yake: ongeza mmoja, kisha zungumza naye mpaka akuzoee, halafu uulize tena. Niliona ni njia ya mtu asiyesoma. Nikawafuatilia wanawake kadhaa mpaka walipojifungua, nikalinganisha walichosema na kilichotokea, nikatunga kanuni yangu: ongeza miwili. Akisema tano, andika saba. Akisema sita, andika nane, mnyime barua. Kuuliza tena nikaacha, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na kanuni haikuhitaji mazungumzo. Daktari wa bandari, Mzungu aliyefika kwetu mara moja kwa wiki, aliisoma akasema ni kazi ya mtu mwenye akili. Nilikubaliana naye.

Nilitunga na kanuni ya pili. Niliandika kibao mlangoni: wakunga wa mitaani hawaruhusiwi kuingia chumba cha vipimo. Walikuwa wanakuja na wagonjwa wao, wanapapasa matumbo kwenye kitanda changu na kutoa hukumu kabla sijavua kofia. Sikuvuka bahari nije kugombea tumbo na bibi mwenye mafuta ya nyonyo.

Sasa Zainabu.

Alikuja asubuhi moja ya kiangazi. Alikuwa Mngazija, binti wa miaka kumi na tisa au ishirini, ameolewa na Saidi, karani katika ofisi moja ya mkonge. Alikuwa mwembamba, tumbo limesimama mbele kama si lake. Aliletwa na mavyaa yake, mama wa Saidi, Bi Mwanamkasi, mkunga maarufu wa barabara ya kumi na mbili huko Ngamiani, ambaye nusu ya mji ilipita mikononi mwake ikiingia duniani. Nilimsimamisha mlangoni.

"Bibi, subiri kwenye benchi."

"Huyu ni mkamwana wangu."

"Kibao kinasema wakunga hawaingii."

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Kinasema na mavyaa haingii?"

"Leo umekuja na vyote viwili."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Bi Mwanamkasi akajifunga kanga vizuri, akaketi. "Haya, Bi Kioo," alisema. "Kaangalie."

Ndani nilimlaza Zainabu, nikachukua kadi.

"Miezi mingapi?"

"Sita. Ndiyo kwanza naingia wa sita."

"Sita ya kweli au sita ya Ngamiani?"

Alicheka kidogo. "Ya kweli, nesi. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya Korogwe miezi mitatu. Amerudi siku mbili kabla ya Maulidi. Mimi nahesabu tangu hapo. Mtu mwingine anaweza kukosea, mimi nitakosea vipi?"

Nataka msome tena maneno hayo. Alinipa siku. Alinipa ushahidi ambao wanawake wengine hawakuwahi kunipa, tena bila kuulizwa. Katika miaka yote iliyofuata sikupata mwingine aliyenipa hesabu iliyo wazi kama ile. Na mimi nilimsikia vizuri, kalamu ikiwa mkononi.

Nikampima kwa futi. Futi ikasema minane. Nikafurahi, maana kanuni nayo ilikuwa imesema minane, na mtu akipata majibu mawili yanayofanana hujiona amehitimu upya. Nikapapasa. Vidole vyangu viligusa vitu vingi vidogo vidogo, huku na huku, nikasema moyoni, mtoto huyu mchezaji. Nikachukua pembe ya kusikilizia, ile ya mbao niliyopewa Uingereza na mwalimu wangu siku ya kuagana. Nikaiweka chini ya kitovu upande wa kulia. Moyo ukalia, tena vizuri, kama saa ndogo ndani ya mto. Nikainuka. Sikio likishasikia moyo mmoja hutosheka. Nilifundishwa kulizunguka tumbo zima, juu na chini, kulia na kushoto, hata ukiwa na haraka. Nilipata alama za juu katika somo hilo.

"Zainabu," nikasema, "una miezi minane. Sikupi barua."

Alikaa kitandani, kanga amekumbatia kifuani. "Nesi, nakuapia."

"Usiape. Wote huapa."

"Lakini nimekwambia Maulidi."

"Na mimi nimekupima. Utajifungua hapa, kwangu. Kitanda safi, maji ya moto, dawa zipo. Hutapata taabu."

"Kitanda ni kizuri, nesi. Mimi namtaka mama." Akaikaza kanga kifuani. "Mama hatembei. Miguu ilikufa. Ameniandikishia barua, anasema ametandika chumba, mimi ndiye mtoto wake peke yangu. Nisipokwenda mimi, yeye haji. Hatamwona."

"Atamwona akikua."

Hayo ndiyo niliyosema. Nimeyageuza kila upande kwa miaka thelathini na kitu, hayajawahi kuwa na maana nyingine.

Nilimtoa nje, nikamwambia Bi Mwanamkasi kwa sauti ya kusikika na foleni yote, "Minane, bibi. Msafiri ameahirishwa." Yule mama akainuka kwenye benchi. Alilitazama tumbo la mkamwana wake muda mrefu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, midomo ikitembea kidogo kama mtu anayehesabu shanga. Kisha akamshika Zainabu mkono. "Diploma imesema," akasema. "Twende nyumbani, mwanangu."

Niliwatazama wakitoka na nikajua kwamba mkunga mkubwa wa Ngamiani amenikubali mbele ya watu. Siku hiyo nilikula chakula cha mchana kwa hamu.

Kwenye kadi niliandika kwamba amekataliwa, miezi minane, mgonjwa amepunguza hesabu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana wakati huo.

Baada ya kama wiki tatu daktari wa bandari alikuja na karatasi mkononi, amefurahi. Meli ya kwenda Unguja ilikuwa imetoa taarifa: mwanamke mmoja kutoka Tanga amepanda bila barua, amejifungua njiani. Jina, Zainabu. Tarehe, siku kumi tangu nilipomkataa.

"Unaona?" aliniambia. "Yeye alisema sita, wewe ukasema nane, na huyu hapa amezaa. Hesabu yako ni sahihi kabisa. Nitawaandikia wenzetu wa bandari nyingine waitumie."

"Mtoto yu hali gani?" niliuliza.

"Taarifa haisemi. Inalalamika tu juu ya usumbufu."

Nilimshukuru. Nilitoka nikamwambia Mzee Hoza kwamba kanuni yangu inakwenda Dar es Salaam. Aliendelea kukunja bendeji. "Hongera," alisema. "Na yule binti alizaa nini?" Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Hm."

Saidi alikuja siku ya pili yake. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, shati la ofisini limepigwa pasi, ndevu hazijanyolewa. Nilimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Nesi, nina swali moja tu. Wewe umesoma. Mtoto wa miezi minane akizaliwa, anafungua macho?"

"Anafungua."

"Wangu kope zao zilikuwa zimeshikana."

Nilisikia neno lile, lakini akili ilikataa kulipokea. "Zao?"

"Walikuwa wawili, nesi. Wasichana. Mmoja hakulia. Wa pili alilia kidogo, kama paka aliye nyumba ya jirani, mpaka tukauona mji wa Unguja, akanyamaza. Nimewazika huko. Kila mmoja alienea hapa." Akanyoosha kiganja chake mbele yangu. Kilikuwa na wino wa ofisini.

Nilimwambia akae, na safari hii alikaa. Akanisimulia bila kuniangalia. Zainabu hakula siku mbili baada ya kutoka kwangu. Siku ya tatu akamwambia, nitakwenda. Saidi akakata tiketi ya sitahani. Wakala huwataka barua wale tu anaowaona wazito, kwa hiyo ilibidi asionekane mzito. Wakachukua mkaja, ile nguo ya kumfunga mwanamke tumbo akishazaa, wakamfunga kabla hajazaa. Juu yake buibui pana.

"Nilimfunga mwenyewe," alisema. "Mama hakujua. Nilivuta nikaogopa. Yeye akaniambia, vuta tena, bado linaonekana. Nikavuta."

Katika boti alikaa wima. Ngazi ya meli aliipanda bila kushikwa na mtu, ili asitiliwe shaka. Kule katikati ya meli kulikuwa na benchi lenye kivuli, lakini ndiko alikokuwa anapita karani wa tiketi, kwa hiyo wakakaa nyuma, karibu na mashine, juu ya magunia. Hakunywa maji tangu asubuhi, asije akataka choo na kuinuka mbele ya watu. Jua lilikuwa kali. Walipokuwa wanaiacha Pangani, pwani ya Ushongo ikionekana mkono wa kuume, alimshika Saidi kwenye mkono wa shati, akasema, "Mume wangu, nimelowa." Wanawake wa sitahani wakazungusha kanga zao. Ilikuwa mchana, bahari shwari.

Niliyasikiliza yote hayo. Kila alilolitaja lilikuwa ni jambo ambalo mimi ningemwelekeza kinyume chake, tena bila kuombwa: maji, kivuli, ubavu wa kushoto, choo, mkono wa mtu ngazini, asijifunge kitu. Nilikuwa nayo maarifa yote kichwani, na yeye alikuwa nje ya mlango wangu.

Nimejiambia mara nyingi kwamba pacha huwahi, hata mama akilala kitandani miezi yote. Ni kweli, kitabu kinasema. Nimejiambia kwamba hata kama ningezisikia zile roho mbili huenda ningemkataza safari vilevile. Huenda. Lakini ningemwambia kwa nini. Ningemwambia, Zainabu, umesema kweli, una miezi sita na una watoto wawili. Angekwenda nyumbani akiwa anaaminiwa. Mtu anayeaminiwa hajifungi mkaja.

Saidi alipomaliza aliniuliza, "Kwa hiyo alikuwa na sita, au sivyo?"

"Pole sana, mwanangu," nikasema.

Alingoja. Nilikuwa na neno moja tu la kumpa, nalo ni "ndiyo." Sikulitoa. Akavaa kofia yake, akaenda kazini.

Asubuhi ya siku aliyokuja tena daktari, nilikwenda mpaka mlango wa ofisi yake nimekusudia kumweleza. Waraka wa kanuni yangu ulikuwa mezani umeshapigwa chapa, na chini yake jina langu, kamili, pamoja na diploma. Sijawahi kuona jina la mtu wa kwetu limepigwa chapa namna ile. Akainua uso, akaniuliza nataka nini. Nikasema nimekuja kuomba pamba.

Jumapili nilikwenda Ngamiani kwa Bi Mwanamkasi. Alikuwa barazani anachambua mchele. Hakusimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo hakuna benchi, kaa chini."

Nikakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumpa pole, lakini niliuliza jambo jingine kabisa. "Bibi, wewe ulijua?"

"Kwamba ni wawili? Tangu mwezi wa nne."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinitoa nje."

"Nilipotoka naye ulikuwa umesimama pale. Ungesema neno moja."

Akaendelea kuchambua, akitupa mawe uani, kuku wakikimbilia na kuyaacha. "Ningesema," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimefungua kinywa. Halafu wewe ukasema hapandi meli. Nikafikiri, basi watazaliwa hapa. Watazaliwa mikononi mwangu, si kwa yule mama wa Ngazija. Nimewapokea wajukuu wa kila mtu mji huu. Saidi ndiye mtoto wangu mmoja." Akainua ungo, akaupepeta, akauweka chini. "Nikafumba kinywa. Nikasema diploma imesema. Unanielewa? Nilikutumia wewe. Sikujua kwamba atajifunga. Mimi mkunga, sikujua kwamba ndani ya nyumba yangu mtu anafungwa mkaja juu ya mimba."

Nilitaka kulia mbele yake, na sikuthubutu. Nikasema, "Tumekosa sote, bibi."

"Wewe una kioo cha kukutetea," akanijibu. "Nenda, mwanangu. Mchele wangu haujaisha."

Zainabu hakurudi na mumewe. Kutoka Unguja alipanda meli ya Ngazija, akafika kwa mama yake mikono mitupu. Alikaa huko karibu miaka miwili kabla hajarudi kwa Saidi. Mimi huku niliendelea na kazi. Nilihitajika, nikasifiwa, nikaitwa Dar es Salaam kuwafundisha wakunga wa bandari nyingine, na katika somo langu la kwanza niliandika ubaoni kwa chaki: ongeza miwili. Mtu mmoja aliniuliza kama kuna wanaosema kweli. Nikamjibu kwamba ni wachache mno. Darasa likacheka. Pembe niliizungusha tumbo zima tangu siku ile, kwa kila mwanamke, hata foleni ikifika barabarani. Hilo nililibadilisha, kwa kuwa liliweza kubadilika bila mtu kujua kwa nini. Kibao cha mlangoni nacho nilikitoa, nikasema kimeliwa na mchwa. Kanuni sikuitoa. Kuitoa kungetaka nieleze.

Kisha asubuhi moja nikainua uso kwenye foleni, nikamwona. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na tumbo lilikuwa dogo, la mviringo. Alikuja peke yake. Nilimwingiza ndani kabla ya wengine, hawakuguna.

Nikachukua kadi mpya. "Miezi mingapi, Zainabu?"

"Andika wewe."

"Niambie, nitaandika utakachosema."

"Andika wewe, nesi," alirudia, bila hasira, kama mtu anayekwambia chumvi iko pale. Akalala, akageuza uso ukutani.

Nilimpima. Nilipapasa polepole. Niliweka pembe kila mahali, nikafunga macho, nikasikiliza mpaka sikio likauma. Kisha nikaanza upya.

"Ni mmoja," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mmoja, na ana nguvu." Nikavuta karatasi ya barua. "Ninakuandikia uende. Utakaa katikati ya meli, nitakwenda mwenyewe kwa wakala, nitakushika ngazini mpaka juu. Maji unywe..."

"Nesi." Alikuwa ameshaketi, anafunga kanga. "Mama amekufa mwezi wa Rajabu. Mimi siendi kokote. Nilitaka tu kujua kama ni mmoja."

Alivaa buibui lake akatoka. Alijifungua nyumbani kwa Bi Mwanamkasi, mtoto wa kiume, na hakuniletea habari, nilizisikia sokoni. Hatukusemeshana tena mpaka walipohamia Dar es Salaam. Nilikuwa na neno lake bado, lile lile nililomnyima mumewe. Yeye mwenyewe sikumpa hata alipolala mbele yangu.

Ninyi mnajua yaliyobaki, maana mlikuwapo. Juma langu la mwisho kazini nilipita chumba cha vipimo kuchukua vitu vyangu. Mmoja wenu, sitamtaja jina, alikuwa na mwanamke kitandani, msichana mdogo anayetaka kwenda kwa mama yake Pemba. Alimwuliza miezi, msichana akasema sita, na mwenzenu akaandika nane bila kuinua uso, haraka, kama nilivyowafundisha waliomfundisha. Msichana akasema, "Lakini dada, mimi nahesabu tangu..." Hakumaliza. Mwenzenu alikuwa ameshamwita anayefuata. Mimi nilikuwa mlangoni, sanduku mkononi, nimevaa gauni la sherehe. Ukumbini walikuwa wananisubiri nikate keki. Nikaenda nikakata keki.

Kadi ya yule msichana imo katika kabati la kijani, na aliyeiandika anajijua. Mtafuteni leo. Msimpime kwanza. Mketi naye, mmwache amalize ile sentensi.